Fuata oili kabla ya kununua turbo

Swali kwa ufupi: msomaji amerithi Saab 900 Turbo ya 1987 kutoka kwa marehemu baba yake mdogo. Ni gari la valvu 16, gia za mkono, na limelala bandani miaka minane. Aliliwasha kwa betri ya kuazima, likatoa wingu la moshi wa bluu, akalizima. Fundi aliyeitwa kulitazama amesema turbo imekufa, inunuliwe nyingine, na kwa kuwa itafunguliwa hata hivyo, heri ifungwe kubwa zaidi. Msomaji ana banda, jeki na spana za kawaida, na kazi anataka kuifanya mwenyewe. Anauliza: aanze na turbo?

Ndugu yangu, kwanza pole kwa kuondokewa na baba mdogo. Amekuachia gari la maana, na ulifanya vyema kulizima. Jibu langu ni hapana. Usianze na turbo, na pesa ya turbo usiitoe bado.

Moshi wa bluu unakuambia jambo moja tu: kuna oili inaungua. Haukuambii imepita wapi. Katika injini iliyolala miaka minane zipo njia kadhaa. Ringi za pistoni huenda zimeganda kwenye mifereji yake. Vile vioili sili vidogo vya valvu hukauka vikawa vigumu, oili ikateremka polepole hadi ndani ya silinda wakati gari limesimama. Njia ya injini kupumulia huziba. Na ndiyo, turbo nayo huweza kuwa imekwisha. Lakini kuihukumu kwa kutazama moshi wa dakika moja, baada ya usingizi wa miaka yote hiyo, ni kuionea. Turbo nyingi nilizoletewa zikiwa zimeshatangazwa kufa nilizikuta nzima kabisa, zimelaumiwa kwa makosa ya sehemu nyingine.

Ili uelewe kwa nini, tazama jinsi turbo ilivyo. Ndani yake kuna shafti moja yenye magurudumu mawili ya mapanga. Moja linasukumwa na moshi unaotoka kwenye manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi wa silinda), lingine linavuta hewa safi na kuisukumiza kwenye injini. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na katika turbo za enzi hiyo haikukaa juu ya beringi za gololi. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili huingia kwa juu ikiwa na presha, inapita kwenye beringi, kisha inaanguka kwa uzito wake yenyewe kupitia paipu nene ya chini na kurudi kwenye injini.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanaposema "sili ya turbo imekufa" wanafikiria mpira, kama oili sili ya gurudumu. Turbo haina mpira huo. Kinachozuia oili isitoke pembeni ni viringi vyembamba vya chuma, ndugu wa ringi za pistoni, na vyenyewe havizibi kabisa. Vinafanya kazi kwa sababu oili inaondoka haraka kuelekea chini, na hewa na moshi vya pande mbili vinasukuma kuelekea ndani. Paipu ya kurudisha ikiziba kwa masizi, au presha ya ndani ya injini ikipanda kwa kuwa mpira wa kupumulia umeziba, oili inakosa pa kwenda. Itajaa katikati ya turbo na kuvuja pande zote mbili. Funga turbo mpya hapo, nayo itafuka vilevile.

Kwa hiyo anza kwa kuikagua turbo ikiwa palepale ilipo. Injini ikiwa baridi, fungua klampu ya mpira mkubwa unaoingiza hewa, uutoe, umulike kwa tochi. Utaona gurudumu la kompresa na ncha ya shafti katikati. Ishike ncha hiyo kwa vidole viwili. Isukume pembeni, kushoto na kulia: utahisi inacheza kidogo, na hilo ni la kawaida, ndiyo nafasi ya oili. Kisha ivute nje na kuisukuma ndani. Huku isicheze kwa kiasi cha kuhisika. Ikicheza, beringi ya kuzuia msukumo imelika, na turbo hiyo kweli ni ya kufunguliwa. Halafu zungusha gurudumu huku unalisukuma upande mmoja kwa kidole, usikilize. Likigusa ukuta wake hata kidogo, au ukiona mikwaruzo inayong'aa ukutani, hukumu ni ileile. Tazama pia kingo za mapanga. Yaliyochongoka au kukatika ncha yanamaanisha kuna kitu kiliwahi kuvutwa ndani.

Utakuta unyevunyevu wa oili kwenye mpira huo. Usishtuke, mvuke wa injini hupitishwa hapo ukaungue, kwa hiyo utando mwembamba upo siku zote. Oili iliyotuama dimbwi ni jambo jingine. Na ukiweza kufungua paipu ya ekzosi upande wa pili wa turbo, tazama ndani: masizi makavu ni habari njema, oili mbichi inayong'aa si njema.

Vyote vikiwa safi, iache turbo. Fungua paipu yake ya kurudisha oili, isafishe mpaka uone mwanga upande wa pili, ufunge gasketi mpya. Paipu nyembamba inayoleta oili, kama ni ya zamani na imejaa mkaa ndani, usihangaike kuikwangua, nunua mpya. Tafadhali usipake silikoni ya kuzibia kwenye maungio ya paipu hizi mbili. Kipande kidogo kikimeguka kwenye paipu ya kuleta kinakwenda moja kwa moja kwenye tundu la beringi, na tundu hilo ni dogo mno. Safisha pia mpira wa kupumulia na njia zake zote hadi kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu ya valvu).

Mkaa huo unatoka wapi? Moshi wa injini ya petroli iliyokanyagwa sawasawa hukaribia nyuzi joto 900. Ukizima injini ghafla baada ya mwendo mkali, pampu ya oili inasimama, joto la upande wa ekzosi linahamia kwenye beringi, na oili iliyobaki humo inaungua na kugeuka mkaa. Ndiyo maana watengenezaji baadaye walipitisha maji ndani ya turbo pamoja na oili. Angalia yako: ikiwa na paipu mbili za oili tu, bila za maji, basi oili ndiyo inayolainisha na ndiyo pekee inayopoza. Kwa gari hilo oili safi ni uhai.

Hapo kuna jambo la Saab hii ambalo mafundi wa magari mengine hulisahau. Injini ya 900 imekaa juu ya giaboksi, na giaboksi hiyo ndiyo sakafu ya injini, ingawa oili ya injini na ya gia za mkono hazichanganyiki. Huwezi kufungua sampu (bakuli la oili) kwa chini ukasafisha chujio la pampu kama kwenye magari mengi. Kulifikia inabidi injini itenganishwe na giaboksi. Kwa hiyo usimimine zile dawa kali za kuosha injini kwa dakika tano. Zitabomoa tope lote la miaka kwa pamoja, tope litakwenda kuziba chujio, na wa kwanza kukosa oili atakuwa turbo. Mwaga oili ya zamani, weka filta mpya na oili nzuri ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, na injini ikishaamka na kupata joto mara chache, imwage tena mapema, kabla haijafanya kazi nyingi. Tope litatoka kidogo kidogo. Naona hiyo ndiyo pesa itakayotumika vizuri kuliko yote katika mradi huu.

Usiliwashe tena mpaka ufanye haya. Toa plagi zote nne, uzipange kwa mpangilio wa silinda zake, uzitazame: iliyolowa oili inakuonyesha silinda ya kutilia shaka. Mimina oili kijiko kimoja kila silinda, acha usiku kucha. Kesho yake zungusha injini kwa mkono. Katika 900 injini imefungwa kinyume, klachi ikiwa mbele na puli ikiwa nyuma karibu na ukuta wa dereva, kwa hiyo kuishika puli ni taabu. Njia rahisi ni kuweka gia ya 5, plagi zikiwa nje, na kulisukuma gari taratibu mahali tambarare. Kumbuka gari hili halitoi ufunguo mpaka liwe kwenye gia ya nyuma, basi uache ufunguo ndani. Likigoma, usilazimishe. Ongeza oili kwenye silinda, subiri siku nyingine. (Huo ukinyume una faida yake: klachi ya 900 hubadilishwa bila kuishusha injini, kazi ambayo hata wewe na spana zako mtaiweza.)

Ikizunguka vizuri, toa petroli yote ya zamani. Petroli ya miaka minane inanuka kama rangi na inaacha gundi kwenye injekta. Mwaga nje, mbali na moto wowote, badilisha filta, na ukague kila mpira wa petroli kwa kuukunja. Unaopasuka nyufa utupwe. Halafu chomoa fyuzi ya pampu ya petroli na ukate umeme unaoingia kwenye koili. Usiache tu waya za plagi zikining'inia, maana cheche isiyo na pa kwenda huweza kuharibu mfumo wa kuwashia. Sasa piga stata kwa sekunde chache chache, ukiipumzisha, mpaka taa ya oili izime. Vizuri zaidi, fungua paipu ya kurudisha oili ya turbo, kinga chombo, na uone kwa macho yako oili ikidondoka. Oili ikipita hapo, turbo imeshalainishwa kabla shafti haijaanza kuzunguka kwa kasi.

Plagi zikiwa bado nje, pima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaikandamiza. Usihangaike sana na namba yenyewe, hasa injini ikiwa baridi. Tazama silinda zinavyolingana. Tofauti ya asilimia 10 hadi 15 kati ya ya juu na ya chini inavumilika. Ikiwepo dhaifu, ongeza oili kidogo ndani yake upime tena: ikipanda, tatizo ni ringi, na ringi zilizoganda mara nyingi huachia zenyewe gari likitembea kwa upole wiki kadhaa. Isipopanda, fikiria valvu au gasketi ya silinda hedi.

Kisha liwashe, na ulipe muda. Litafuka. Oili uliyomimina inapaswa kuungua, na ile iliyokaa kwenye ekzosi pia. Moshi ukipungua kadiri injini inavyopata joto, umeshapata jibu la fundi wako. Ukiendelea vilevile, fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikinguruma: hewa ikipuliza kwa nguvu kwa mapigo, ringi ndizo zinazovujisha. Ukitoka hasa unapoachia mafuta na kukanyaga tena, shuku vioili sili vya valvu.

Kabla hujatumia zaidi ya hapo, lala chini ya gari na bisibisi. Ningependa hili ulifanye hata kabla ya oili. Saab 900 huoza juu ya shafti za magurudumu ya mbele, ndani ya ile mifereji ambamo shafti zinapita, chini ya trei ya betri, na kwenye kingo za chini za milango. Gonga na uchokonoe. Kutu ya juu inasuguliwa. Bisibisi ikizama kwenye chuma kinachobeba suspensheni ya mbele, hiyo ni kazi ya kuchomelea ya fundi wa bodi, na ni bora uijue bei yake sasa kuliko baada ya kufufua injini. Ukiinua gari, liweke juu ya stendi imara kila mara. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake.

Breki usizikague kwa macho tu, zifungue zote. Maji ya breki hunyonya unyevu hewani, na unyevu wa miaka minane umeshaingiza kutu kwenye pistoni za kaliperi. Katika toleo lako breki ya mkono inashika magurudumu ya mbele, kwa hiyo kaliperi za mbele zina kazi mbili na ndizo zinazoganda zaidi. Mipira ya breki badilisha yote. Matairi soma tarakimu nne za mwisho kwenye ile namba ndefu inayoanza na DOT: 3512 ni wiki ya 35 ya mwaka 2012. Ya umri huo hayafai, hata meno yake yakiwa mapya.

Sasa turudi kwenye nguvu, maana najua ndiyo hamu yenyewe. Gari likiamka likawa zito, usikimbilie turbo hapo pia. Mara nyingi hewa inavuja. Turbo inakandamiza hewa, hewa inapita kwenye mipira na interkula (kipoza hewa), na mpira mmoja uliopasuka upande wa chini, usikoonekana, unamaliza kila kitu. Katika gari lako kipima hewa kiko kabla ya turbo, hivyo hewa ikivuja baada ya turbo injini inapewa petroli ya hewa ambayo haikufika. Litatoa moshi mweusi na kukosa pumzi. Ziba mdomo wa turbo kwa kizibo chenye valvu ya tairi, jaza hewa taratibu isizidi nusu baa, na pitisha maji ya sabuni kwenye kila ungio. Mapovu yatakuonyesha. Ile mipira myembamba ya vakyumu badilisha yote kwa siku moja, mmoja mmoja, bila kung'oa wa pili kabla wa kwanza haujarudi.

Mmoja wa hiyo myembamba unakwenda kwenye kopo linalofungua mlango wa kupunguzia presha ya turbo. Huo usiuchezee kabisa. Ukivuja, mlango haufunguki kwa wakati, presha inapanda kupita kiasi, petroli inaanza kulipuka ovyo ndani ya silinda, na kingo za pistoni zinayeyuka. Litazame kopo hilo kwa pampu ya mkono: likipokea presha mkono wake usogee na ubaki, usirudi polepole. Tangu toleo la 1982 Saab waliweka kwenye 900 Turbo mfumo wa APC, wenye sensa inayosikia injini ikianza kugonga kwa milipuko hiyo na kushusha presha kabla madhara hayajatokea. Ni kazi nzuri mno ya uhandisi, ya zaidi ya miaka arobaini sasa. Hakikisha sensa yake na waya zake ni nzima. Mfumo ukikosa umeme, gari linabaki kwenye presha ya msingi, na ndipo watu huliita chovu.

Kuhusu turbo kubwa, nakuomba uachane nayo. Saab walipoonyesha 99 Turbo mwaka 1977, walichagua turbo ndogo kwa makusudi, inayoamka mapema, ili nguvu ipatikane unapopita lori barabarani na si kwenye kasi ya juu kabisa tu. Kubwa itaamka kwa kuchelewa na kukupokonya tabia hiyo. Halafu kuna giaboksi, sehemu dhaifu ya 900 inayojulikana na kila aliyelimiliki. Turbo ya kiwandani inatosha kuitia majaribuni. Mwaga oili ya gia kwenye chombo cheupe utazame: unga laini kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida, vipande vinavyong'aa ni beringi inayoondoka. Gia ikijichomoa yenyewe unapoachia mafuta, au ukisikia mlio unaopanda na kasi ya gari, giaboksi ndiyo itakayohitaji ile pesa uliyotaka kununulia turbo.

Historia ya turbo ina kisa kinachofanana na hiki chako. Mwaka 1962 Oldsmobile wa Marekani walitoa Jetfire, miongoni mwa magari ya kwanza ya turbo kuuzwa kwa watu wa kawaida. Lilihitaji chupa ya maji yaliyosafishwa yaliyochanganywa na methanoli, ili injini isigonge. Wenye magari wengi hawakuijaza, gari likajipunguzia nguvu, wakalalamika, na mengi yakaishia kung'olewa turbo zenyewe. Turbo haikuwa na kosa.

Ukifika siku ya kutembea, acha injini ipate joto kabla ya kukanyaga, na usivuke nusu ya mguu kwa safari za mwanzo. Ukirudi, iache ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Asubuhi yake injini ikiwa baridi pima oili na maji, kaza nati za manifoldi, na tazama chini ya turbo kama kuna tone. Boliti za manifoldi zilizoganda usizivunje kwa haraka: dawa ya kulainisha kutu leo, tena kesho, kisha joto, ukizungusha mbele na nyuma. Rangi, viti na ile dari ya kitambaa inayoning'inia vingoje gari liwe linasimama na kuondoka kwa uhakika.